Kamera ya utumbo mpana kwa wagonjwa wa kolaitisi: tathmini ya huduma ya hospitali moja binafsi, Dar es Salaam

Kitengo hiki cha kamera ya tumbo hupokea wagonjwa wa kila aina, lakini mimi ninakitathmini kwa jicho la mgonjwa wa kolaitisi, yaani vidonda sugu vya utumbo mpana, ambaye haendi pale kutafuta chanzo cha maumivu bali kuchunguzwa iwapo miaka mingi ya kuvimba kwa utumbo imeanza kuzaa saratani. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, viti laini vya mapokezi na chai ya bure si hoja. Hoja ni jinsi daktari anavyoutazama ukuta wa utumbo, na vipande vya nyama anavyovitoa vinatoka wapi.

Utumbo unapovimba kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu humwaga kemikali kali za oksijeni na naitrojeni zilizokusudiwa kuua bakteria, na kemikali hizo, kwa kuwa hazichagui, huharibu pia DNA ya seli za ukuta wa utumbo zilizo jirani. Ukuta huo kwa kawaida hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache. Penye vidonda kazi hiyo huongezeka kasi, na kila seli inapogawanyika, kasoro iliyokwisha kuingia hurithiwa na seli mpya. Miongoni mwa jeni zinazoharibika mapema ni TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye DNA mbovu isiendelee kuzaliana. Katika saratani ya kawaida ya utumbo mpana, jeni ya APC ndiyo hutangulia kuharibika, polipu (kinyama kinachoota ukutani mwa utumbo) ikaota, na TP53 ikafuata baadaye sana. Kwa mwenye kolaitisi mpangilio huelekea kugeuka, TP53 ikatangulia na APC ikachelewa, na seli zenye kasoro zikaweza kutambaa na kufunika eneo kubwa ambalo kwa macho halina tatizo. Ndiyo maana displasia, hatua inayotangulia saratani, huweza kuwa bapa kabisa, na daktari aliyezoea kusaka polipu zilizoinuka anaweza kuipita bila kuiona.

Hapa ndipo kitengo hiki kilipata alama zake nyingi kwangu. Kabla ya kupanga tarehe, daktari aliuliza mwaka dalili zilipoanza, kwa sababu uchunguzi wa aina hii huanza takriban miaka 8 tangu dalili za kwanza. Akauliza kama kuna ndugu wa karibu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, na kama nina ugonjwa wa mirija ya nyongo unaoitwa PSC, ambao humlazimu mgonjwa kuchunguzwa kila mwaka tangu siku anapogunduliwa. Aliagiza pia kipimo cha kalprotektini, protini inayoonyesha kuvimba kwa utumbo, kwenye choo, akieleza kwamba utumbo ukiwa umewaka, mabadiliko ya kuvimba huweza kufanana na displasia chini ya hadubini na kumchanganya mtaalamu wa patholojia, anayevisoma vipande hivyo maabara. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujatulia hurudishwa kwenye dawa kwanza, jambo ambalo baadhi ya watu pale mapokezi walilinung'unikia, nami naliona kuwa ni uangalifu.

Dawa ya kusafisha tumbo hunywewa kwa mafungu mawili, jioni na alfajiri, na muuguzi humuuliza kila mgonjwa choo cha mwisho kilikuwa na rangi gani. Aliyejibu kwa kusitasita aliwekwa pembeni akaongezewa dawa. Daktari alinyunyiza rangi ya buluu ukutani ili madoa bapa yajitokeze, akairudisha kamera taratibu, kisha vipande vikawekwa katika vichupa tofauti vyenye lebo ya kila sehemu, kuanzia utumbo wa kulia hadi rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo. Mahali pasipo na rangi hiyo wala kamera za kisasa, utaratibu wa zamani ni kutoa vipande 4 kila sentimita 10, hata pale panapoonekana pazima. Daktari anayetoa vipande viwili vitatu tu na kuandika "kawaida" hajamchunguza mgonjwa wa kolaitisi.

Upungufu upo, tena si mdogo. Bei niliyotajiwa kwa simu ilikuwa ya kamera na dawa ya usingizi pekee. Maabara ilitoza kwa kila kichupa, na habari hiyo niliipata dirishani wakati wa kulipa. Majibu ya patholojia yalichelewa hadi nikayafuata mwenyewe. Ripoti ya kamera, iliyoambatanishwa na picha nzuri, haikutaja kiwango cha usafi wa utumbo, ilhali bila taarifa hiyo daktari mwingine hawezi kujua sentensi "hakuna displasia" ina nguvu kiasi gani.

Kwa mwenye kolaitisi ya miaka mingi ninaipendekeza huduma hii, hasa kwa kuwa daktari hakumalizia kwenye kamera: alisisitiza mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, iendelee kumezwa hata tumbo likiwa limetulia, maana kuuzuia ukuta usivimbe ni sehemu ya kinga. Anayetaka miadi aulize mapema gharama ya vichupa, na aulize siku za daktari anayetumia rangi, kwa kuwa ni mmoja tu.