Jiko gani la chuoni? Nimeyapanga kuanzia la kununua hadi la kuliacha dukani

Vyuo vikikaribia kufungua, maduka ya vyombo ya Kariakoo na Mwenge yanajaa vijana wanaotafuta vitu vitatu: godoro, ndoo na cha kupikia. Godoro na ndoo havina kesi. Cha kupikia ndicho chenye kesi, tena ya kuitwa ofisini na kunyang'anywa, kwa sababu wengi wananunua kwanza, halafu sheria za hosteli wanazisoma zimebandikwa mlangoni siku wanaingia na boksi mkononi.

Na mimi nilipitia huko. Mwaka wa kwanza nilinunua jiko la koili la sahani moja, nikalificha chini ya dabo deka nyuma ya begi. Lilidumu wiki tatu. Jumapili moja jioni, watu wanapiga pasi nguo za Jumatatu, mimi nakaanga vitunguu vya kuungia maharage, korido nzima ikazima. Mlezi wa bweni hakuhitaji upelelezi, alifuata harufu. Jiko langu likaenda kukaa ofisini kwake juu ya rundo la majiko mengine kama kumi hivi, mengi ya aina ile ile, moja bado lina ugali umekaukia pembeni.

Kwa hiyo kabla ya bei, jiulize unalala wapi. Hosteli ya chuo ni habari moja, geto la kupanga mtaani ni habari nyingine, na hosteli ya mtu binafsi yenye jiko la pamoja iko katikati. Hosteli nyingi za chuo sheria zao zinafanana: kupika chumbani marufuku, gesi na mafuta ya taa marufuku kabisa, pasi ruksa au kuna chumba chake, na jagi la kuchemshia maji inategemea. Hilo la jagi uliza kwa jina lake, umuulize mlezi au uisome fomu ya kujiunga. Mlinzi wa getini akikwambia "we pika tu, hakuna shida", kumbuka siku ya ukaguzi yeye hatakuwepo.

Marufuku hiyo watu wanaiona roho mbaya, ila ina hesabu nyuma yake. Umeme wetu ni volti 230. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani inabeba kama wati 3,000 tu. Saketi ya soketi kwa kawaida inalindwa na breka ya ampea 32, kama wati 7,300, na kwenye bweni saketi moja inaweza kulisha vyumba kadhaa. Sasa weka majagi matatu ya wati 1,800, pasi moja ya wati 1,200 na jiko la koili la wati 1,000: umeshavuka. Ongeza na kubebana, chumba cha wanne wanalala sita, kila mmoja na chaja yake kwenye ekstensheni moja ya elfu tano. Breka ikikata, shukuru. Isipokata, inayopata moto ni waya.

Bei ninazotaja hapa ni za kukadiria, zile unazoanza nazo kabla ya kupatana.

1. Jagi la umeme na hotipoti

Hili nimeliweka la kwanza kwa sababu ndilo pekee lenye nafasi ya kuruhusiwa hosteli, na hata ukihamia geto bado utalitumia. Elfu 15 hadi 40. Chagua la lita 1.7 au dogo zaidi, la chuma ndani, lenye koili iliyofichwa chini ya sakafu yake. Yale ya plastiki tupu ya bei ya chini yanatoa harufu kwenye maji ya kwanza, na mengine harufu hiyo haiishi.

Siri ya jagi iko kwenye swichi yake. Nyuma ya mkono kuna kijibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Mvuke ukikifikia kinajikunja na kukata umeme. Ndiyo maana ukiacha mfuniko wazi maji yanatokota wee na jagi halizimi, mvuke unatokea juu badala ya kupita kwenye njia yake. Dukani usikubali lile la "kuwasha tunawasha, linawaka". Mwambie muuzaji atie maji kikombe kimoja, afunike, msubiri lizime lenyewe. Likipitisha nusu dakika linaunguruma baada ya kutokota, rudisha.

Na usipikie ndani ya jagi. Najua mnapika tambi humo, mnachemsha maziwa humo, nimewaona. Maziwa yanagandia chini, sakafu inaungua, na harufu ile haitoki hata kwa limao. Kazi ya hotipoti ndiyo hiyo. Mimina maji yanayotokota juu ya Indomie, funika dakika tano. Mayai mawili kwenye hotipoti nzuri yenye maji ya moto tele, dakika 20, kiini kimeshika. Uji wa nafaka zilizopikwa tayari, chai, kahawa, vyote vinawezekana. Wali hauwezekani, usijidanganye.

Lita moja ya maji inakula kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Haikufilisi.

2. Presha kuka ya umeme

Ukiwa geto au hosteli yenye jiko la pamoja, anzia hapa. Ghali, laki na kitu mpaka laki mbili kwa ya lita tano au sita, na najua boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, tena ni nafuu kwani kabla ya 2022 ilikuwa 8,500. Lakini changeni watu wawili watatu mfanye hesabu ya maharage.

Maharage nusu kilo, yaliyolowekwa usiku, kwenye jiko la koili yanaweza kukaa saa mbili na zaidi, uniti moja na nusu hadi mbili. Presha kuka ya wati 1,000 inavuta umeme kwa nguvu kama robo saa ya mwanzo hadi presha ipande, halafu inakata yenyewe na kurudi kidogo kidogo tu kushikilia joto, kwa sababu pembeni imezibwa na ndani maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka hovyo. Inamaliza ndani ya saa moja, na mita inasogea chini ya nusu uniti. Uniti kwa tarifa ya kawaida ya TANESCO ni shilingi 292, kodi na tozo zikiingia inafika kama 356. Kwa hiyo sufuria ya maharage ya siku mbili ni chini ya shilingi 180 za umeme. Sahani moja ya wali maharage kwa mama ntilie ni zaidi ya mara kumi ya hiyo.

Ile tarifa ya shilingi 100 ambayo watu wanaitaja ni ya mteja anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Nyumba yenye wapangaji sita kwenye LUKU moja haikai humo, usiipigie hesabu. Na kwa vile LUKU ni ya kuchangia, mweleze mwenye nyumba mapema. Wengi wakisikia "jiko la umeme" wanakataa palepale, wanawaza koili. Mimi mama mwenye nyumba wangu nilimwomba aje asimame karibu na mita na karatasi, tukapika makande, akaandika namba ya kuanzia na ya kumalizia. Akarudi ndani bila kusema kitu, na kuanzia wiki ile ikawa yeye ndiye anayekuja kuazima kuka yangu.

Dukani angalia vitu vitatu. Raba ya mfuniko: ivute, iwe laini na irudi, uliza kama wanauza ya akiba, maana itakufa kabla ya mashine. Sufuria ya ndani: ishike mkononi, nyepesi kama ya bati ikatae. Halafu wawashe na maji hadi kile kijiti cha mfunikoni kinyanyuke, na kikishanyanyuka jaribu kuufungua. Mfuniko mzima unagoma mpaka presha ishuke. Ukifunguka, hiyo si kuka, hiyo ni bomu.

Haisongi ugali. Hilo ndilo kosa lake, na kwa mtu wa ugali wa kila siku ni kosa kubwa.

3. Mtungi mdogo wa gesi, kilo 6

Kwa geto tu. Hosteli usiulize hata. Mtungi na kichwa chake cha kuwashia unaupata kwa hamsini na kitu elfu, kujaza ni ishirini na kitu. Unasonga ugali, unakaanga samaki, umeme ukikatika hujali. Mwanafunzi anayepika mara moja kwa siku anaweza kufika nao mwezi na nusu au zaidi, kama hapiki maharage. Ndiyo maana wanaojua wana kuka kwa vigumu na gesi kwa haraka haraka.

Nimeuweka wa tatu kwa sababu ya chumba chenyewe. Geto la futi kumi kwa kumi, kitanda huku, pazia huku, dirisha limezibwa na kabati. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi juu, inashuka sakafuni na kujaa chini ya kitanda. Ile harufu ya kitu kilichooza imewekwa makusudi ili uijue. Ukiisikia usiguse swichi, hata ya taa; funga koki, fungua mlango, toka. Kila ukitoka kujaza, paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu rudisha. Na mtungi usio na lakiri ya kampuni juu ya koki usiupokee, huenda umepunguzwa. Dai upimwe kwenye mizani, uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake.

4. Raisi kuka

Elfu 35 hadi 70, na ina akili ya ajabu kwa bei yake. Chini ya sufuria kuna sumaku inayopoteza nguvu joto likipita kidogo nyuzi 100. Maji yakiwepo joto halipiti hapo. Mchele ukishayanywa yote, joto linapanda, sumaku inaachia, tak, swichi inaruka. Wali unaiva ukiwa umelala. Ila ni wali, na wali, na viazi kidogo. Kuka ya namba mbili inafanya hiyo kazi na nyingine, kwa hiyo nunua hii kama tu bajeti imegoma. Hosteli nyingi zinaihesabu jiko, hata ukisema ni ya "kupashia".

5. Jiko la indaksheni

Zuri, jembamba, linawahi, halina moto. Tatizo ni masufuria yetu. Linapasha chuma kinachoshikwa na sumaku tu, na sufuria za alumini ulizopewa na mama nyumbani litazikataa na kupiga kelele. Nenda dukani na kisumaku, hata cha spika mbovu: kikinasa kwenye kitako cha sufuria, sawa. Ukijumlisha bei ya sufuria mpya, umefika bei ya kuka.

Ya kuacha dukani

Jiko la koili, lile ambalo nyoka wake anawaka mwekundu. Ndilo linalonunuliwa kuliko yote kwa sababu ni elfu ishirini na tano na linasonga ugali. Linakula umeme kuliko yote kwenye orodha hii, halizimi lenyewe, na kuungua kwake ni rahisi: uji ukifurika unaingia kwenye koili, koili inakatika, fundi anaiunga kwa kuizungusha, na baada ya hapo inakurusha shoti ukigusa sufuria.

Hita ya koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ni mbaya zaidi. Watu wanapikia mayai humo. Ikibaki hewani dakika moja inapasuka, na ndoo ya plastiki ikiigusa inayeyuka.

Jiko la mafuta ya taa lilikuwa mkombozi wa kaka zetu. Tangu 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa kuzuia kuyachakachua kwenye dizeli, unafuu wake uliisha, moshi ukabaki.

Ekstensheni na mtumba wa wanaomaliza

Chochote utakachonunua, usikichomeke kwenye ekstensheni nyembamba. Jagi na kuka vichomeke ukutani moja kwa moja. Kama huna budi, tafuta yenye waya wa milimita 1.5 kwenda juu, imeandikwa kwenye waya wenyewe, na iwe na fyuzi. Baada ya dakika kumi za kupika shika waya: ukiwa na uvuguvugu, zima.

Mwisho wa mwaka wa masomo wanaomaliza wanauza vyote, nusu ya bei, na kuna mali humo. Lakini njoo na bisibisi. Angalia pini za plagi kama zimekuwa nyeusi, nusa, halafu fungua plagi uone fyuzi. Jagi moja zuri kweli, la chuma, nilikuwa nauziwa elfu nane na dada wa mwaka wa tatu. Nikafungua plagi mbele yake. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri. Akaniambia, "Linafanya kazi hivyo hivyo tangu mwaka wa kwanza, mdogo wangu." Nikamwachia.