Uzoefu wangu na LUMI, kompyuta kuu ya Kajaani

Nasoma Sweden, moja ya nchi zilizochangia LUMI, na kwa mlango huo nimepata saa za kuigiza mienendo ya protini kwa programu ya GROMACS. Mashine yenyewe iko Kajaani, Finland, palipokuwa na kiwanda cha karatasi. Inaendeshwa kwa umeme wa maji, na joto lake hupelekwa kwenye mabomba ya kupashia nyumba za mji. Juni 2022 iliingia nafasi ya tatu kwenye Top500, orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani. Hayo waachie wanasiasa. Wewe unayetuma kazi, jua kwanza nodi, yaani kompyuta moja kati ya nyingi zinazounda mashine, imejengwaje.

Upande wa GPU, yaani chipu za kukokotoa mambo mengi kwa pamoja, kila nodi ina prosesa moja ya AMD yenye viini 64 (vitengo vya kukokotoa) na kadi nne za GPU aina ya MI250X. Usidanganyike na hiyo nne. Ndani ya kila kadi mna chipu mbili, ziitwazo GCD, kila moja na GB 64 zake za kumbukumbu, hivyo programu yako inaona GPU nane. Ukiandika skripti ya Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi, kwa hesabu ya nne, nusu ya nodi imelala na bili inasoma.

Kilichonivutia zaidi ni mahali kadi za mtandao zilipochomekwa. Kwenye seva nyingi hukaa upande wa prosesa, na data ya GPU hulazimika kupitia huko ndipo itoke nje. Hapa kila MI250X ina kadi yake ya mtandao wa Slingshot ya gigabiti 200 kwa sekunde. Ukiiruhusu MPI, maktaba ya kupitisha data kati ya michakato, data inatoka GPU hadi GPU ya nodi nyingine bila kugusa kumbukumbu ya prosesa. Faida yake utaiona kwenye namba: kumbukumbu ya kadi moja inasomwa kwa terabaiti 3.2 kwa sekunde, ilhali njia ya kutoka GCD kwenda kwa prosesa ni kama gigabaiti 36. Ndiyo maana GROMACS naiachia kila kitu kwenye GPU, hadi hatua ya kusogeza atomu.

Nisichokipenda ni mpangilio wa viini. Ungetegemea GCD namba 0 ikae karibu na viini 0 hadi 7. Wapi! Jirani zake ni 48 hadi 55, na viini 0 hadi 7 viko na GCD namba 4. Nyaraka zinaeleza vizuri na mstari wa kufunga kila mchakato kwenye viini vilivyo karibu na GCD yake upo tayari kunakiliwa, lakini asiyesoma nyaraka ataendesha kazi inayokwenda kwa kuchechemea bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini.

Pia, katika kila viini nane, cha kwanza kimetengewa mfumo endeshi; unabaki na 56. Wengine hulalamika wameibiwa. Mimi naunga mkono. Maelfu ya michakato inaposubiriana, mmoja tu ukikatizwa na shughuli za mfumo, wote wanasimama.

Waliozoea CUDA, lugha ya kuandikia GPU za NVIDIA, wajiandae: huku ni HIP, ya AMD. Programu nyingi hugeuka kwa zana za kubadilishia, ila zilizoandikwa kwa kubana vifaa vya NVIDIA zitakutoa jasho. Na mazingira ya Python usiyamwage hivihivi kwenye Lustre. Mfumo huo wa faili unapenda faili chache kubwa, na maktaba za Python ni utitiri wa vifaili. Yaweke ndani ya kontena, yaani faili moja inayofungasha yote.

Mwenye kazi ndogo asichukue nodi nzima, aende kwenye foleni ya small-g. GCD moja kwa saa moja hukatwa nusu ya saa ya GPU (saa hiyo huhesabiwa kwa kadi nzima), mradi usizidishe viini vinane wala GB 64 za kumbukumbu ya nodi. Ukiomba GCD moja na viini 16, unalipa za GCD mbili.