Uzoefu wangu na Topping E30: DAC ya bei nafuu yenye priamplifaya ndani yake

Spika zangu ni JBL 305P MkII, zile zenye amplifaya ndani, na kila moja ina kitufe chake cha sauti mgongoni. Simu ikiita, au adhana ikianza, ilinibidi niinuke, nipapase nyuma ya spika ya kushoto, kisha niende ya kulia na kukisia usawa upya. Muziki wenyewe ulitoka kwenye tundu la hedifoni la laptopu, na kila niliposogeza mausi ulisikika mkwaruzo mwembamba ukifuata mkono wangu. Nikichomeka chaja, mvumo mzito uliongezeka. Nilihitaji kifaa kimoja kitakachofanya kazi mbili: kugeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme ambao spika inaweza kuupokea, ambayo ni kazi ya DAC, na kupandisha au kushusha sauti ya spika zote mbili kwa pamoja, ambayo ni kazi ya priamplifaya. Bajeti yangu ilikuwa dola 150 kabla ya usafiri na kodi, na hapa Tanzania Bara VAT peke yake ni asilimia 18.

Kifaa cha kwanza nilichonunua nilishauriwa na muuzaji wa Kariakoo aliyenihakikishia kwa moyo mweupe: “Kaka, wewe angalia chipu tu,” yaani kile kipande cha ndani kinachogeuza muziki. Chipu ilikuwa nzuri na sauti ilikuwa safi. Siku ya nne umeme ulikatika jioni nikiwa nasikiliza, nikasahau kuzima spika, na uliporudi saa saba usiku kile kifaa hakikukumbuka kwamba nilikiacha chini. Kiliwaka kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, laptopu ikaendelea na muziki pale ulipoishia, na nyumba nzima ikaamka. Mwanangu alilia kwa muda mrefu, nami nilikaa nikizigusa koni za spika kwa kidole nikihofia zimepasuka. Nilikirudisha asubuhi.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza halihusu chipu. Kwa bei hizi, karibu kila DAC iliyotengenezwa vizuri ina usafi unaozidi uwezo wa masikio yangu na wa chumba changu. Kinachozitofautisha ni namna zinavyoongoza sauti. Kiwanda cha AKM, kampuni ya chipu za DAC, cha Nobeoka, Japani, kilipoungua Oktoba 2020, watengenezaji wengi wa DAC walilazimika kuhamia chipu za mshindani wake, ESS, na nilipopata nafasi ya kulinganisha za aina zote mbili kwa sauti iliyosawazishwa, sikuweza kusema ipi ni ipi.

Ndipo nikachukua Topping E30, iliyotoka mwaka 2020 kwa bei ya dola 130 hivi, yenye chipu ya AK4493 ya AKM. Ni kiboksi cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye matundu ya kidijitali ya USB, optiki (waya wa mwanga) na koaksia (waya wa umeme) nyuma, na matundu ya RCA, yale ya kawaida ya vifaa vya muziki, ya kutolea sauti. Hakina kitufe cha kuzungusha. Sauti inaongozwa kwa rimoti, na kioo kidogo cha mbele kinaonyesha desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kabla ya kuunganisha spika ni lazima uingie kwenye mpangilio wake na kuchagua hali ya priamplifaya, kwa sababu katika hali ya DAC tupu kinatoa takriban volti 2 kamili muda wote, yaani sauti ya juu kabisa. Mimi nilikijaribu kwanza spika zikiwa zimezimwa: nikaweka sauti chini, nikachomoa umeme, nikachomeka tena. Changu kilirudi palepale nilipokiacha. Jaribio hilo ni la dakika moja, na namsihi kila mnunuzi alifanye, hata kama amenunua aina hiihii.

Wapo wanaohofia kwamba kushusha sauti kidijitali kunaharibu muziki, na hofu hiyo ina msingi. Kila biti, yaani tarakimu moja ya 0 au 1 inayoandika sauti, ina thamani ya desibeli 6 hivi, kwa hiyo ukishusha desibeli 30 ndani ya kompyuta inayotoa biti 16 tu, umepoteza biti 5 za muziki wenyewe. AK4493 inapokea hadi biti 32, hivyo muziki wa CD, ambao ni wa biti 16, una nafasi ya kushuka bila kukatwa mkia. Kisichoshuka ni kelele ndogo ya umeme ya kifaa chenyewe, na dawa yake ni kuzipunguza spika: nimeweka swichi yao ya mgongoni kwenye +4, upande wenye usikivu mdogo, na vitufe vya sauti katikati, ili rimoti ifanye kazi kati ya -35 na -10 badala ya kung’ang’ania -60. Tangu hapo sijagusa tena migongo ya spika. Waya unaohitajika ni wa RCA kwenda jeki ya milimita 6.35, kwa kuwa spika hizi hazina matundu ya RCA.

Televisheni nimeiunganisha kwa optiki, na hapo ndipo E30 iliponifurahisha zaidi. Tundu la optiki la televisheni yangu halitii rimoti ya televisheni, hivyo bila priamplifaya nisingeweza kupunguza chochote; ilitosha kuchagua PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) kwenye menyu ya televisheni, maana E30 haifasiri Dolby, ile sauti iliyobanwa ya filamu. Tena waya wa optiki unapitisha mwanga, si umeme, kwa hiyo mvumo kama ule wa chaja hauna njia ya kupita ndani yake. Nikisikiliza taarabu usiku kwa sauti ya chini, nyuzi za ala ya kanuni zinafifia moja moja hadi zinakwisha, na nyuma yake pako kimya.

Asiyefaa kukinunua ni mwenye hedifoni, au mwenye kinanda cha kaseti au santuri, kwa kuwa hakina tundu la hedifoni wala la kupokea sauti ya analogi. Mwenye hedifoni aitazame FiiO K7, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 200 hivi: ina kitufe kikubwa cha kuzungusha mbele, na swichi inayokuwezesha kuchagua kati ya hedifoni, priamplifaya na sauti isiyobadilika. Swichi hiyo nayo iangaliwe iko wapi kabla spika hazijawashwa.