Usikubali Kuchaguliwa Chumba: Safari Yetu ya Kwanza ya Meli Kutoka Galveston, Wawili Bila Watoto

Assalam alaykum, watazamaji wangu, na karibuni tena. Leo sina blenda mezani wala simu mpya mkononi kama mlivyozoea, ila nina karatasi hii ninayoisogeza karibu na kamera, nanyi mnaona kuwa ni mchoro wa samaki mwenye miguu minne uliochorwa kwa kalamu za rangi. Mchoro huu uliingia chumbani kwetu kwa kupenyezwa chini ya mlango saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, tukiwa katikati ya Ghuba ya Mexico, katika safari ambayo mimi na mume wangu tuliipanga kwa miezi minane ili tupate kulala. Mlango wenyewe haukuwa wa kutokea nje. Ulikuwa mlango wa pembeni, wa kuingilia chumba cha jirani, na ndio ninaokusudia kuuchambua leo mpaka mnichoke.

Habari za mabwawa, maonyesho ya jukwaani na chakula kisichokwisha nitaziruka, kwa kuwa video za kuzisifu mmekwisha kuziona. Kifurushi cha vinywaji nacho nitakigusa kwa sentensi moja tu: kampuni kadhaa hutaka kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, mwenzake wa chumba kimoja anunue pia, kwa hiyo wapenzi ambao mmoja wao hanywi wapige hesabu mapema. Sisi sote wawili hatunywi, na ugomvi huo ulitupita mbali.

Kwa mliojiunga wiki hizi, na nawashukuru sana, sisi tunaishi Houston, jimbo la Texas, na bandari ya Galveston iko mwendo wa takriban kilomita 80 kwa gari. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua, kwa maana tiketi mbili za ndege hadi Miami zingemeza akiba yote kabla hatujakanyaga meli. Safari ilikuwa ya usiku tano, ikipitia Cozumel na Progreso nchini Mexico. Mimi nina pasipoti ya Tanzania na kadi ya kijani ya ukaazi wa Marekani, na Mexico haimdai viza mwenye kadi hiyo. Mume wangu ni raia wa Marekani, naye kwa safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani angeweza kusafiri kwa cheti chake cha uraia na kitambulisho chenye picha. Nilimkatalia. Mtu akichelewa sokoni Cozumel na meli ikang'oa nanga bila yeye, atahitaji kurudi kwa ndege, na ndege haipandwi kwa cheti.

Kuhusu tarehe, wasio na watoto wa shule wana uhuru ambao wengi wetu hatuutumii. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na mwezi wa Septemba, ambao bei zake huvutia sana, umo katika kilele chake. Mwezi wa Machi una likizo ya masika, na vijana wa Texas huijaza meli hadi kwenye ngazi. Sisi tulichagua juma la kwanza la Desemba, baada ya sikukuu ya Shukrani na kabla ya Krismasi, msimu wa vimbunga ukiwa umefungwa na watoto wakiwa madarasani. Nilijipongeza kwa hesabu hiyo. Nilisahau tu kwamba watoto wa miaka minne hawana madarasa.

Sasa tuingie kwenye bei, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Tangazo lilisema dola 429 kwa chumba chenye roshani, nami nikadhani ni bei ya chumba, kumbe ni ya mtu mmoja kwa sharti la kulala wawili. Mara mbili ni dola 858. Kodi na ada za bandari zilikuwa dola 148 kwa kila mmoja, tukafika 1,154. Bahashishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi za soko hili huiweka kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, kwetu ilikuwa 17, nayo ikaongeza 170. Maegesho ya gari yalikuwa 100. Jumla ni dola 1,424 kabla ya intaneti na kabla ya mguu kushuka Cozumel, na kila mnapoona tangazo la aina hii anzeni kwa kulizidisha mara tatu na ushei kabla hamjamwambia mtu yeyote kwamba mnakwenda.

Tulipofika ukurasa wa kuchagua chumba, mtandao ulitupa njia mbili. Kwa nyongeza ya dola 30 kwa kila mmoja tungechagua chumba chetu wenyewe kwenye ramani ya sitaha. Bila nyongeza hiyo tungehakikishiwa aina ya chumba, yaani roshani, lakini namba ingepangwa na kampuni karibu na siku ya safari. Mume wangu, ambaye sasa ameshika kamera na anatikisa kichwa, alisema roshani ni roshani. Nami nilikubali, kwa hiyo lawama ni yetu sote. Dola 60 tulizookoa zilitununulia chumba chenye mlango wa kati.

Tazameni hapa kwenye tableti. Hii ni ramani ya sitaha ya 9, na viboksi hivi vidogo vilivyopangwa kama meno ni vyumba. Nikivuta picha, mnaona kati ya kiboksi hiki na hiki kuna alama, mshale mdogo wenye ncha mbili unaokata ukuta. Kampuni nyingine huweka pembetatu, nyingine nukta, na maana yake huandikwa chini kabisa ya ukurasa kwa herufi za mchwa. Alama hiyo inasema kwamba vyumba hivi viwili vina mlango kati yao. Ukifunguliwa, familia ya watu sita hupata nyumba nzima. Ukifungwa, unabaki mlango uliofungwa, na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, kwani nilidhani mlango uliofungwa ni sawasawa na ukuta.

Nimerekodi sauti mbili, na nawaomba mvae vipokea sauti vyenu. Ya kwanza niliirekodi simu ikiwa imeegemezwa ukuta wa upande wa kulia, ambako walilala wazee wawili. Mnasikia mvumo wa hewa ya kupoza, na kwa mbali sana mtu akikohoa. Haya, ya pili simu iko upande wa kushoto, sentimita kumi kutoka mlango wa kati, na saa ni ileile. Hiyo ni katuni. Hiyo ni sauti ya mama akisema kiatu kingine kiko wapi. Na huo mshindo unaosikika ni mtoto anayeruka kutoka kitandani hadi sakafuni, akahesabu moja, akapanda tena. Alifika hadi kumi na tisa.

Tulikwenda dawati la huduma kuomba kuhamishwa, tukaambiwa kwa upole kwamba meli imejaa. Usiku wa pili tulichukua taulo la kuogea, tukalisokota kama kamba ya jahazi, tukaliziba chini ya mlango, na kwa kweli lilipunguza sauti kwa kiasi fulani, maana sauti nyingi hupita kwenye ule mwanya. Ndipo asubuhi ya tatu, tulipoliondoa ili twende tukaoge, ukaingia huyu samaki. Niliandika asante kwa herufi kubwa kwenye karatasi nyingine, nikaipenyeza upande wa pili. Kwa siku mbili zilizobaki tulikuwa tunagongewa kila usiku kabla ya kulala, na mume wangu anagonga kujibu, jambo ambalo mtu aliyelipa ili apumzike hapaswi kulifanya, ila alilifanya.

Kwa haki, chumba kile hakina kosa kwa kila mtu. Dada yangu ana watoto watatu, na nilipomsimulia aliniomba namba ya chumba. Ukisafiri na marafiki au na wazazi, mlango wa kati ni neema. Ninachokasirikia ni kwamba wawili wasio na watoto wanaweza kupangiwa hapo bila kuulizwa, kwa kuwa walitaka kuokoa dola 60. Rahisi ghali, na wahenga walisema hivyo bila kupanda meli ya sitaha kumi na nne.

Mkishaikwepa mishale, kuna mambo mawili zaidi kwenye ramani hii. La kwanza ni juu ya kichwa chenu. Fungueni sitaha iliyo juu na mtazame kilichopo sawasawa na chumba mnachokitaka, kwa maana chini ya sitaha ya bwawa mtasikia viti vikiburutwa kabla ya jua kuchomoza, na chini ya ukumbi wa ngoma mtacheza mkiwa mmelala. Salama yenu ni chumba chenye vyumba juu yake na vyumba chini yake. La pili sisi watu wa Tanga tunalijua kwa majahazi: omo, yaani mbele ya meli, hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine, tezi, yaani nyuma, nayo hutetemeka kwa karibu kwake na mitambo, na anayeshikwa na kigegezi haraka akae katikati ya meli na katika sitaha za chini. Meli kubwa haiendi mrama ovyo, lakini usiku wa kwanza upepo wa kaskazini ulivuma, na waliolala omoni tuliwaona kwenye chai ya asubuhi wakikitazama chakula bila kukigusa.

Mtaniuliza kwa nini tusipande meli isiyo na watoto kabisa, na swali hilo ni la haki. Meli za Virgin Voyages na za baharini za Viking hazipokei abiria aliye chini ya miaka 18, na huko Uingereza kampuni ya P&O ina Arcadia na Aurora, ambazo ni za watu wazima pekee na huondokea Southampton. Nimezilinganisha bei. Kwa tarehe tulizozitaka, tofauti ilitosha kulipia safari ya pili kutoka Galveston, tena chumba tukichagua wenyewe. Pia meli za kawaida zina kona za watu wazima, kama Serenity katika meli za Carnival na Solarium katika za Royal Caribbean, kwa hiyo mchana mnaweza kupata utulivu wenu bila kubadilisha kampuni. Usiku ndio hauna kona, ndiyo maana nimeng'ang'ania chumba.

Roshani yenyewe niliipenda kuliko nilivyotarajia. Siku ya kwenda Cozumel ni ya bahari tupu, na tulikaa pale na chai yetu, ya tangawizi niliyobeba mwenyewe, tukiwaona samaki panzi wakiruka kutoka wimbi hadi wimbi kando ya meli. Kwa chakula cha jioni, ombeni meza ya wawili mapema, kwani msipoomba mtakalishwa na wageni sita, na swali lao la kwanza litakuwa mna watoto wangapi. Sisi limetuchosha huku nyumbani, hatukuona sababu ya kulilipia.

Video ijayo itakuwa ya mabegi, na maikrofoni mpya itakuwa imefika. Safari ya pili tumeshaiwekea amana, na safari hii nimelipa nyongeza na kuchagua namba. Iko hapa, sitaha ya 8, katikati, haina mshale kulia wala kushoto, juu vyumba, chini vyumba. Ila mume wangu ameniwekea kidole mahali hapa, kwenye eneo jeupe lisilo na maandishi, milango miwili tu kutoka kwetu. Sehemu nyeupe za namna hii mara nyingi ni stoo za wahudumu, na stoo ina magari ya mashuka yanayotoka alfajiri. Malipo ya mwisho ni siku 90 kabla ya safari, kwa hiyo bado nina muda wa kuhama, na aliyewahi kulala jirani na eneo jeupe aniandikie alichosikia na ilikuwa saa ngapi.