Nilimpeleka Mzee National Memorial Arboretum, kitu ya kwanza akauliza makaburi yako wapi

Tangu niweke ile picha ya Baba akiwa amechuchumaa kwa reli watu wa hapa Kisumu hawaachi kuniuliza hapo ni wapi, wengine wanadhani ni Koru, wengine ati ni makumbusho ya reli Nairobi, so wacha niandike mara moja nimalize. Hapo ni Uingereza. Panaitwa National Memorial Arboretum, yaani bustani ya miti ya kumbukumbu, iko karibu na kijiji kinaitwa Alrewas huko Staffordshire, juu kidogo ya Birmingham. Dadangu ni nesi Birmingham na alitualika mimi na Baba tukae naye wiki tatu, hadithi ya visa naiacha ju nikianza hapo hatutafika kwa miti.

Si mimi nilichagua. Mi nilikuwa nataka kuona uwanja wa mpira na Baba alikuwa anataka kukaa karibu na hita, lakini dadangu akasema kuna bustani kubwa ya kukumbuka wanajeshi, polisi, wazima moto, watu wa ambulensi, mabaharia, yaani kila mtu mwenye alitumikia hio nchi akiwa na sare au bila sare, na kuingia ni bure. Hio neno bure ndio ilimtoa mzee kwa kiti.

Ni bure kweli, lakini gari unalipia paking, na afadhali upange hio mambo kwa intaneti kabla hujatoka nyumbani. Kama huna gari unapanda treni Birmingham New Street mpaka Lichfield Trent Valley alafu unatafuta teksi, ju kutoka hapo kwa miguu ni mbali. Sisi tulienda na gari ya dadangu kwa barabara ya A38 na Baba alilala njia yote.

Sasa tukafika, mzee mmoja Mzungu, wale wa kujitolea, akatupatia ramani na tabasamu. Baba hakuangalia ramani. Akaniambia niulize makaburi yako wapi. Nikauliza. Yule mzee akasema hakuna, hapa hatukuzika mtu, ni mahali pa kukumbuka tu. Baba akanigeukia na ile sura anawekanga akiuziwa samaki ya jana, akasema kwa Kijaluo, kwa hivyo tumetoka Kisumu kuja kuona miti?

Na ni miti kweli, jameni. Kama 25,000, kwa ekari 150, na ndani yake kuna minara na bustani ndogo ndogo karibu 400, kila moja na watu wake. Kitambo hapo palikuwa machimbo ya kokoto, wakaanza kupanda mwaka 1997 na wakafungua 2001, so miti mingi ni rika ya vijana wa chuo, si ile misitu ya wazee wa kaya. Mito miwili, Tame na Trent, inakutana hapo hapo pembeni, kwa hivyo chini ni tambarare na mvua ikinyesha udongo unakushika mguu. Baba alisema hapa ni Kano, yale mabonde ya matope karibu na Kisumu, ni vile tu wameongeza baridi. Mi nilikuwa nimevaa raba nyeupe. Usivae raba nyeupe.

Kitu ya kwanza ilinifanya ninyamaze ni shamba la mialoni ya mabaharia wa meli za mizigo. Wamepanda mialoni 2,535, mti mmoja kwa kila meli ya mizigo ya Uingereza iliyozama Vita vya Pili. Ukisoma hio namba kwa karatasi haikufanyii kitu, lakini kutembea katikati, unapita mti, unapita mti, unafikiria huu ni meli na watu wake wote, na bado hujafika hata nusu, hapo nilielewa kwa nini walitumia miti badala ya jiwe moja.

Alafu kuna ule mnara mkubwa, Armed Forces Memorial, umejengwa juu ya kilima cha kutengenezwa na watu, duara kubwa ya mawe meupe. Ukutani kuna majina karibu 16,000 ya wanajeshi wao waliokufa kazini kuanzia mwaka 1948, vitani, mazoezini, hata ajali. Baba alikuwa na jina lake la kutafuta. Ndugu ya babu yangu alichukuliwa na Keya, lile jeshi la Waingereza la Waafrika (King's African Rifles), wakati wa Vita vya Pili, akapelekwa Burma, Myanmar ya sai, hakurudi. Lakini ukuta unaanza 1948 na yeye alienda kabla, so hangekuwa hapo hata kidogo. Nilimweleza, akasema sawa, lakini bado akapitisha kidole kwa ule ukuta, polepole, mpaka tukafika miaka ya hamsini. Hapo akasimama ju alijua ni nini. Wanajeshi wao waliokufa Kenya wakati wa Mau Mau wamo. Sitadanganya nilihisi nini, sikujua nihisi nini. Sisi tuna ile sanamu ya Uhuru Park ya mwaka 2015 na ni sawa, lakini ukuta wa jina kwa jina ni kitu ingine kabisa.

Kitu yenye ilimtisha mzee si majina, ni nafasi. Wameacha mawe matupu. Akauliza hii ni ya nani, dadangu akasema ni ya wenye bado hawajakufa. Baba akatoa kofia.

Katikati kuna sanamu za shaba za Ian Rank-Broadley, na hapa dadangu alitufurahisha, alitoa sarafu za zamani kwa pochi akatuonyesha chini ya shingo ya Malkia kuna herufi IRB, ni huyo huyo alichora hio sura ya Malkia. Pia kuna ufa umeachwa kwa ukuta makusudi, ili tarehe 11 mwezi wa 11 saa tano asubuhi jua lipenye hapo litue katikati. Sisi tulienda Aprili na jua lenyewe hatukuliona siku nzima, lakini kila siku saa hio hio ya tano kuna ibada fupi kwa kanisa dogo la hapo, tarumbeta inalia na watu wananyamaza dakika mbili. Fikeni mapema mwipate.

Ukienda na mzazi mzee usijaribu kuzunguka yote kwa miguu. Kuna kigari kama treni kinazungusha watu, unalipia kidogo, na kuna viti vya magurudumu vya umeme ukiagiza mapema. Sisi tulijifanya wanaume, Baba na miaka yake 74, na kufika saa nane alikuwa anakaa kila benchi anaona. Chai na mkahawa vipo, lakini dadangu alikuwa amebeba chapati na ndengu tukala kwa gari madirisha yakiwa yamefungwa, nikwambie ukweli hio ndio ilikuwa chakula tamu kuliko zote nilikula huko.

Sasa ile sanamu ya Shot at Dawn, yaani waliopigwa risasi alfajiri. Iko upande wa mashariki mwisho kabisa, mahali jua linagusa kwanza. Ni sanamu ya kijana amefungwa macho na mikono nyuma, na nyuma yake vigingi vya mbao zaidi ya 300 vyenye majina. Hao ni wanajeshi wa Vita vya Kwanza waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe, wengi kwa sababu ya kutoroka au kuitwa waoga. Sanamu imefuata sura ya Herbert Burden, alikuwa na miaka 17 walipompiga mwaka 1915. Mbele yake kuna miti sita, hio miti ndio kikosi cha kupiga risasi. Serikali yao iliwasamehe 306 mwaka 2006, yaani miaka mitano baada ya sanamu kuwekwa. Baba hakusema kitu, alimrekebishia yule kijana shada lililokuwa limeanguka miguuni, tukaondoka.

Na kuna bustani moja ya watoto waliozaliwa wakiwa wameshafariki na wachanga walioaga mapema, kuna mtoto wa jiwe amelala na wazazi wameacha vijiwe na vidoli. Dadangu anafanya kazi wodi ya uzazi. Tulimwacha hapo peke yake kama dakika ishirini, alikuja na macho mekundu akasema twende.

Tulikuwa karibu kurudi kwa gari ndio tukapata reli. Hii mi sikuijua. Ni kipande cha reli yenyewe ya Burma, chuma na mataruma yake, ile wafungwa wa vita walijengeshwa na Wajapani kati ya 1942 na 1943, wafungwa zaidi ya 12,000 wakafa na vibarua wa Asia wengi kuwashinda hao. Kwetu ukisema Burma mtu anafikiria nyama ya soko ile ya Nairobi, lakini kwa Baba hio neno ni ndugu ya baba yake. Si ati huyo alijenga reli, hapana, Waafrika Mashariki walipita upande ingine, divisheni ya 11 yenye alama ya kifaru, bonde la Kabaw mwaka 1944. Lakini ni nchi hio hio, mvua hio hio.

Na ingine, Baba alikuwa nyapara wa gangi kwa reli yetu ya zamani, Muhoroni, Koru, Fort Ternan, miaka mingi. Alipoona chuma akasahau magoti yanauma. Akachuchumaa, akapima kwa mkono kutoka chuma moja hadi ingine, akapima tena, akaanza kucheka. Mita moja! Kama ya kwetu! Na ni kweli, reli ya Burma na reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu zina upana mmoja, si kama hii reli mpya ya SGR. Hapo ndio nilipiga ile picha.

Alafu bado akiwa chini akasema, sai nimeelewa, hawa watu wamezika yago.

Kwa wasio wa huku, yago ni lile tunda refu zito la mwegea. Mjaluo akipotea ziwani au akafia mbali na mwili usipatikane, watu wake wanachimba kaburi nyumbani wanazika yago badala yake, ili boma lijue ameenda na kilio kiishe. Ndugu ya babu walimngoja miaka na miaka, mpaka Baba akiwa kijana wa darasa la kwanza, ndio wazee wakakubali kuzika yago nyuma ya nyumba ya mamake. Baba anakumbuka lilivyofungwa kwa blanketi.

Yule mzee wa kujitolea alikuwa amesimama karibu, akauliza baba yenu anasema nini. Dadangu akamweleza yote kwa Kiingereza, akanyamaza kitambo, alafu akauliza hilo tunda lina ukubwa gani. Baba akanyoosha mkono akamwonyesha, kutoka kiwiko hadi kidole. Wakabaki hapo wawili, mmoja hajui Kiingereza ya kutosha na mwingine hajui Kijaluo, wanaonyeshana na mikono, mpaka mi na dadangu tukatangulia kwa gari kuwasha hita.

Nyota tano kutoka kwangu, ningetoa nne kwa sababu ya upepo lakini upepo si wao. Tengeni siku nzima, si masaa mawili. Viatu vya matope. Mzee apande kigari.

Baba sai yuko nyumbani Seme, na watu wa stendi ya boda wakimuuliza Uingereza kukoje anawaambia reli yao ni mita moja kama ya kwetu. Nimemwambia mara nyingi hio si reli ya Uingereza, ni ya Burma. Anasema haidhuru, yeye ameikanyaga.