Ruta ya pili, au VPN kwenye kila kifaa?

VPN hupitisha intaneti yako kwa siri kupitia seva ya mbali. Hapa kwetu Mji wa Kale nimezitumia njia zote mbili: kuiweka kwenye kila kifaa, na kuiweka kwenye ruta ya pili ili vifaa vinavyoungana nayo vyote viipate. Programu ya simu haina kazi kubwa: unaipakua, unaiwasha, basi. Lakini runinga yetu haikubali kuwekewa VPN, na hapo ndipo ruta ya pili inaposhinda. Waya hutoka tundu la LAN (la kuunganishia vifaa vya nyumbani) la ruta ya kwanza hadi tundu la WAN (la kupokelea intaneti) la ruta ya pili. Zote zikiwa na anwani 192.168.1.1 zitagongana, kwa hiyo ya pili ifanye 192.168.2.1. Kati ya mifumo ya VPN, chagua WireGuard; OpenVPN huielemea ruta ndogo, filamu ikakwamakwama. Ruta hiyo ya pili iweke karibu na runinga, maana kuta zetu nene za mawe ya matumbawe humeza mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz. Simu ninayotumia kwa mambo ya benki naiacha kwenye ruta ya kwanza, isiyo na VPN.