Mauaji katika Orient Express: filamu ya 1974 na mjadala wa watazamaji wa Nairobi

Filamu ya Murder on the Orient Express, iliyoongozwa na Sidney Lumet mwaka 1974, imepita nusu karne, na bado naihesabu kuwa filamu bora ya upelelezi kwa mtu anayependa kusikiliza watu wakihojiwa. Hivi majuzi tuliitazama katika ukumbi mmoja wa mtaa wa South B, wazee kwa vijana, na maoni yaliyotolewa baada ya taa kuwashwa ndiyo yaliyonisukuma kuandika tathmini hii, kwa sababu yaligusa mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeyatilia maanani kwa uzito unaostahili.

Kisa kimetoka katika riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1934. Treni ya kifahari inaondoka Istanbul wakati wa baridi kali, inakwama kwenye theluji nchini Yugoslavia, na asubuhi tajiri wa Kimarekani aitwaye Ratchett anakutwa amekufa kitandani, amechomwa kisu mara 12, huku mlango wa chumba chake ukiwa umefungwa kwa mnyororo kutoka ndani. Polisi hawawezi kufika, basi Bianchi, mkurugenzi wa kampuni ya reli, anamwomba mpelelezi Mbelgiji Hercule Poirot, aliyemo katika behewa hilohilo, afumbue fumbo kabla njia haijafunguliwa. Lakini filamu haianzii hapo. Inaanza na utekaji nyara na kifo cha mtoto Daisy Armstrong huko Marekani, mkasa ambao Christie aliuchota kutoka katika utekaji wa kweli wa mtoto wa rubani Charles Lindbergh mwaka 1932. Dakika hizo za mwanzo hazina mazungumzo ya maana. Zinasimuliwa kwa kurasa za magazeti na muziki wa kutisha, na anayezikosa amekosa nusu ya filamu, jambo lililomkuta kijana mmoja aliyechelewa, ambaye jirani yake alilazimika kumnong'onezea maelezo hadi katikati ya mahojiano.

Watazamaji waligawanyika kwanza kuhusu Albert Finney, anayemwigiza Poirot. Waliozoea kumwona David Suchet, aliyeigiza Poirot katika televisheni kuanzia 1989 hadi 2013, walilalamika kwamba Finney hupaza sauti mno, na kwamba nywele zilizopakwa mafuta na shingo iliyozama mabegani zilimfanya aonekane mtu wa kuigizwa badala ya mtu wa kweli. Siafikiani nao. Finney alikuwa hajafikisha miaka 40 alipojibebesha umri wa mzee huyo, na ukimfuatilia kwa makini utaona kwamba kelele zake ni chombo cha kazi: kila anayeketi mbele yake anapewa sauti yake, mwingine ya upole, mwingine ya ukali, mwingine ya kubembelezwa, hadi aseme alichokusudia kukificha. Bianchi, anayechezwa na Martin Balsam, humtangaza kila anayehojiwa kuwa ndiye muuaji mara tu anapotoka, na ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri aseme.

Mahojiano yaliyozua mjadala mrefu zaidi ni ya Ingrid Bergman. Lumet alimtaka aigize binti mfalme wa Kirusi, nafasi yenye fahari, naye akachagua Greta Ohlsson, mmisionari wa Kiswidi mwenye woga na Kiingereza cha kubabaisha. Kamera inamkazia macho kwa karibu dakika tano bila kukatwa hata mara moja, ikimzunguka taratibu huku uso wake ukipita katika aibu, imani, hofu na machozi, na kwa kazi hiyo alipata tuzo yake ya tatu ya Oscar. Mtu anayetaka kujifunza uigizaji asome dakika hizo kama anavyosoma kitabu. Hata hivyo, ndani ya dakika hizohizo Greta anaeleza kwamba yeye alizaliwa akiwa nyuma kiakili, na ndiyo maana anafanya kazi Afrika, akiwafundisha watoto weusi walio nyuma kumzidi.

Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyesomea katika shule ya misheni miaka ya hamsini, alisema baadaye kwamba sentensi hiyo hakuisikia kama mzaha hata kidogo, kwa kuwa aliwahi kuambiwa maneno ya aina hiyo ana kwa ana na watu waliokuwa wakimpenda kwa dhati. Kijana mmoja alitaka sehemu hiyo iondolewe inapoonyeshwa kwetu. Mwalimu alikataa katakata, nami niko upande wake. Kisa kimewekwa mwaka 1935, Kenya ikiwa koloni, na abiria wa treni ile ni tabaka lililouona ulimwengu wetu kwa macho hayohayo, kwa hiyo kuifuta sentensi ni kuwasafisha bila wao kutubu. Ninachoilaumu filamu ni kwamba inaitumia kuchekesha tu na kupita. Poirot, ambaye hukamata kila neno lisilokaa sawa, hili analiacha. Uwezo wa Bergman na doa hilo vimo katika pumzi moja, na sioni haja ya kukana kimoja ili kukubali kingine.

Kuhusu treni yenyewe hapakuwa na ubishi. Kuondoka kwake Istanbul, taa ya mbele ikiwaka na muziki wa dansi wa Richard Rodney Bennett ukipanda pamoja na mvuke, kuliwafurahisha hasa wazee waliowahi kulala katika treni ya usiku ya Mombasa kabla ya reli ya SGR kuanza mwaka 2017. Wao ndio waliotambua mara moja kwa nini kondakta wa behewa, anayeketi mwisho wa ukumbi mwembamba usiku kucha, ni shahidi muhimu.

Asiyejua mwisho wa kisa na aziruke aya mbili zinazofuata.

Ratchett ndiye aliyepanga utekaji wa Daisy akaponyoka mkono wa sheria, na waliomuua kwa mapigo hayo 12 ya kisu ni abiria wenzake pamoja na kondakta, kila mmoja akiwa na deni la damu au la mapenzi kwa familia ya Armstrong. Wakili mmoja kijana alitukumbusha kwamba 12 ni idadi ya raia wanaokaa kuamua kesi katika mahakama za Uingereza na Marekani, ishara inayotupita kwa urahisi kwa kuwa hapa kwetu hakimu au jaji huamua bila baraza kama hilo. Alikumbusha pia kwamba filamu ya kwanza ya Lumet, 12 Angry Men ya mwaka 1957, ambayo Balsam pia alishiriki, ni ya watu 12 waliofungiwa chumbani wakijadili kama kijana mmoja ana hatia. Hapo ndipo nilipoona udhaifu mkubwa wa filamu hii. Katika ile ya awali, shaka ya mtu mmoja inatosha kuwazuia wenzake wasikimbilie hukumu. Katika hii hakuna hata mmoja wa wauaji anayesita. Sisi tunaoishi Nairobi, ambako magazeti huandika kwamba mshukiwa aliuawa na "wananchi wenye hasira", tunajua jinsi kundi linavyoweza kuwa na uhakika, na jinsi uhakika huo unavyoweza kumwangukia asiye na hatia. Mama mmoja alijibu kwamba Ratchett hakuwa wa kudhaniwa tu, kwamba hatia yake ilijulikana, na kwamba mzazi yeyote angeishika zamu yake ya kisu. Sikuweza kumpinga kwa urahisi, na sidhani filamu ingeweza.

Poirot anatoa masuluhisho mawili, Bianchi anachagua la uongo, na mpelelezi anasema anakwenda kupambana na ripoti yake kwa polisi na dhamiri yake. Sentensi hiyo ilistahili uzito. Badala yake, filamu inatuletea abiria wakigonganisha glasi za shampeni mmoja baada ya mwingine, kama waigizaji wanaoaga jukwaani, na sherehe hiyo niliona haimfai mtoto aliyekufa wala mikono iliyoua. Wengi ukumbini walipiga makofi.

Toleo la Kenneth Branagh la mwaka 2017, linalojulikana zaidi na vijana wetu, lina mbio na risasi, na linampa mpelelezi uchungu zaidi mwishoni, lakini mahojiano yake yamekatwakatwa mno. Aanzaye na achukue la 1974, aliwekee manukuu kwa sababu lafudhi ni nyingi, na watoto wadogo wasikae mbele ya zile dakika za mwanzo.